SANDUKU LA MASKINI NA KADI YA CHAMA

Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wenye maduka mbele ya wanachama wa tawi, baada ya sala ya Alasiri



Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumsalia Mtume wake, twaishukuru kamati ya tawi kwa kutupa nafasi hii. Sisi si wasemaji wa majukwaani. Elimu yetu ni ya chuoni na kazi yetu ni ya mizani, kwa hivyo mtatuwia radhi ikiwa maneno yetu hayakupambwa. Jambo lililotusimamisha ni hili. Tawi limekusudia kuweka sanduku la kuwasaidia watu wa mitaa yetu waliofikwa na ufukara na kukosa kazi. Hilo wote tumeliafiki, na Mwenyezi Mungu amlipe kheri aliyelianzisha. Lakini limezuka shauri la pili, nalo litapigiwa kura Ijumaa ijayo: kwamba msaada utokao katika sanduku hilo wapewe wenye kadi ya chama chetu peke yao, na asiyekuwa na kadi aende kwa wenziwe. Twasema mapema, ili msikilizaji asichoke kwa kungoja: shauri hili hatuliafiki, na twawaomba nanyi mlikatae. Sababu zetu tutazieleza moja baada ya moja.

Kwanza yapasa tumtazame huyo tunayemwita maskini, tujue ni nani na amefikaje hapo alipo.

Mwenye duka hana haja ya kuambiwa hali ya mtaa wake, kwani huisoma katika daftari la mikopo. Mtu aliyezoea kununua mchele kilo tano, utamwona ananunua mbili. Baadaye humtuma mtoto nusu kilo, na mafuta ya kupimiwa kidogo kidogo. Kisha jina lake huingia daftarini. Kisha siku moja humwoni tena, na deni liko pale pale. Ukiuliza utaambiwa yuko, mzima, ila anapita njia ya nyuma kwa kuona haya. Mtu huyo hakuwa mvivu wala mlevi. Aghalabu ni mtu aliyekuwa na kazi na kazi ikamkimbia.

Kazi zetu visiwani zimetukimbia kwa sababu zinazojulikana. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya karafuu, na kwa zao hilo moja watu wamejenga nyumba, wameoza wana, na wamekwenda Hija. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa ndani ya sigara. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake ikajitosheleza, bei katika soko la dunia ikaporomoka katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ikafika mahali ambapo mwenye shamba hakuona faida ya kuchuma. Ukaja mwani, ulioanza kulimwa mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaenea hadi Pemba, na mama zetu wakapata senti yao wenyewe mkononi. Lakini maji ya bahari yamezidi joto, na ile aina yenye bei nzuri hufa kabla ya kuvunwa. Iliyobaki ni ile ambayo gunia zima halimnunulii mtu nguo ya Idi. Ukaja utalii, na vijana wetu wakaingia mahotelini. Mwaka 2019 walifika wageni zaidi ya 500,000. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipokata safari za ndege, wakashuka hadi kiasi cha nusu, na vijana wengi wakarejea nyumbani na begi mkononi. Hata baada ya wageni kurudi, wako ambao kazi zao hazikurudi.

Serikali yenyewe, katika hesabu yake ya mapato na matumizi ya kaya ya mwaka 2019/20, ilikuta watu 25.7 katika kila mia hawayafikii mahitaji ya lazima. Yaani mtu mmoja katika kila wanne. Tukiwa tumekaa hapa wanne wanne, hebu kila mmoja amtazame jirani yake.

Sasa twauliza: katika mambo hayo tuliyoyataja, ni lipi lililouliza kadi? Je, bei ya karafuu iliposhuka, ilishuka kwa watu wa chama kimoja tu? Au bahari ilipopata joto, ilichagua mwani wa nani ife na mwani wa nani isalimike? Balaa limeingia kila nyumba bila kubisha hodi wala kuangalia bendera iliyo juu ya paa. Ikiwa ugonjwa ni mmoja, basi mwenye kugawa dawa kwa kufuata bendera hajaujua ugonjwa.

Pili, tutazame yale tuliyofundishwa.

Sisi tulioketi katika darsa za fiqhi twajua kuwa Mwenyezi Mungu hakuiacha zaka igawiwe kwa hiyari ya mwenye mali. Katika Sura ya Tawba, aya ya 60, wametajwa wanaostahiki, nao ni makundi manane: mafukara, masikini, wanaoitumikia zaka, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, watumwa wanaojikomboa, wenye madeni, walio katika njia ya Mungu, na msafiri aliyekatikiwa njiani. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wakapambanua kati ya fukara na maskini. Fukara ni yule asiyekuwa na mali wala kazi ya kumfikisha hata nusu ya haja zake. Maskini ni yule mwenye kitu, lakini hakimtoshi. Zingatieni pambanuo hili, kwani lina maana kubwa kwetu. Mlinzi wa hoteli anayepokea mshahara kila mwezi, na mshahara ukaisha kabla ya mwezi kufika nusu, huyo ana kazi na bado ni maskini kwa hukumu ya sheria. Na kijana mwenye nguvu zake, anayetafuta kazi na hapati wa kumwajiri, wanazuoni hawakumwambia kuwa nguvu zake zamzuilia haki yake. Walisema apewe.

Tena wakauliza: apewe kiasi gani? Hapa ndipo tunapowaomba mtege masikio. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijriya, nao ni 1277 wa Miladi, na ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa misikitini mwetu vizazi kwa vizazi, ametaja kauli kuwa fukara apewe cha kumtosha mwaka. Kisha akaisahihisha akasema kauli yenye nguvu zaidi ni kupewa cha kumtosha umri wake. Na makusudio yake si kumjazia mtu ghala ya unga. Makusudio ni kumnunulia kitu cha kumzalishia riziki. Mwenye ufundi apewe vyombo vya ufundi wake, viwe vya bei rahisi au ghali. Mwenye kujua biashara apewe mtaji unaofaa biashara yake. Kwa lugha ya mitaa yetu: fundi seremala apewe randa na msumeno, mshoni apewe cherehani, mvuvi apewe nyavu au madema, mama wa mwani apewe kamba, na mwenye kuchoma mikate apewe unga wa kuanzia na sufuria. Haya yameandikwa zaidi ya miaka mia saba iliyopita, na leo husemwa kwenye mikutano mikubwa kana kwamba ni khabari mpya.

Sasa katika makundi yale manane, na katika sharti zile zote za wanazuoni, hamna hata sharti moja la chama. Hatusemi kuwa zaka akipewa fukara mwenye kadi haikusihi. Imesihi, na kheri imefika. Lakini akija fukara mwingine mlangoni pale pale, mwenye njaa kubwa kuliko ya yule, nasi tukamrudisha kwa sababu ya karatasi, tutamjibu nini aliyeweka makundi manane tukaongeza la tisa?

Yuko atakayesema: zaka ni ya Waislamu, na mitaani mwetu wako jirani zetu waliotoka bara ambao si Waislamu, je, hao? Jawabu ni nyepesi. Zaka ina mipaka yake, lakini sadaka mlango wake ni mpana, nayo hupewa jirani wa dini yoyote. Ndiyo maana tutapendekeza baadaye kuwa sanduku liwe na vyumba viwili.

Tatu, tutazame jinsi misaada inavyotolewa kwetu, kwani mtu hujifunza adabu hata kwa asiyekuwa nayo.

Nyote mmeona. Unapofika mwaka wa uchaguzi, mchele hupata miguu ukatembea wenyewe mpaka vijijini. Huletwa katika mifuko yenye sura ya mtu, na mama mwenye wana watano husimama juani tangu asubuhi, akaitwa jina, akapewa kilo mbili na kipande cha sabuni, akaambiwa atazame kamera acheke. Picha ile huzunguka nchi nzima kabla mchele haujaiva. Watoto wake wataiona, na watoto wa wenzake wataiona, na mchele wenyewe umekwisha tangu jana. Mtume wetu ametufundisha kutoa kwa siri hata mkono wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Sisi siku hizi twataka ajue mkono wa kushoto, na wa kulia, na nchi nzima.

Basi ikiwa twalichukia jambo hili wanapolifanya wengine, na twaliandika katika gazeti letu, tukiliweka sharti la kadi juu ya sanduku letu tutakuwa tumelihamisha jambo lile lile kutoka nyumba yao kuja nyumba yetu. Maskini atakayekuja kwetu atasimama mbele ya meza, atatoa kadi, na asiyekuwa nayo ataitafuta. Hapo hatukuongeza mwanachama. Tumenunua njaa ya mtu, na mtu aliyenunuliwa kwa njaa atauzwa tena kwa njaa kesho, kwa mwenye mfuko mkubwa kuliko wetu. Na mfuko mkubwa, ndugu zetu, si sisi tulio nao.

Nne, tuikumbuke tarikhi ya visiwa vyetu, kwa kuwa safari hii si mara ya kwanza kwa mkate kupakwa rangi ya chama.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Haukupita muda mrefu ila, katika mwaka 1958, baadhi ya wenye mashamba wa upande mmoja wakawafukuza wakulima waliokuwa wakikaa na kulima mashambani mwao, kwa sababu ya kura. Na wafuasi wa upande wa pili wakasusia maduka ya wenzao, wakafungua maduka yao wenyewe. Mtu akawa haulizi bei ya sukari ila kwanza aulize mwenye duka ni wa nani. Juni 1961, katika ghasia za uchaguzi, watu 68 wakauawa. Januari 1964 ikaja, na yaliyotokea nyote mnayajua, na hakuna nyumba isiyokuwa na khabari yake. Hatusemi kuwa kususia duka ndiko kulikoua watu. Twasema kuwa watu waliokwisha kuacha kuuziana chumvi walikuwa wamekwisha kuacha kuonana kuwa ni jirani, na asiyekuwa jirani ni rahisi kufanywa adui.

Vyama vingi viliporudi, mambo yakarudi na vyama. Baada ya uchaguzi wa 1995, na tena baada ya ule wa 2015 uliofutwa na kurudiwa Machi 2016, Pemba ilishuhudia watu wakisusiana maduka, harusi na hata maziko. Mtu akafa, na waliocheza naye utotoni wasimbebe jeneza. Katika siku zile sisi wenye maduka tuliyaona yote mawili: wako waliokosa wateja kwa sababu ya siasa zao, na wako wateja waliokosa mkopo kwa sababu ya siasa zao. Hakuna aliyetajirika kwa hayo.

Tena tukumbuke Januari 2001. Watu zaidi ya 30 waliuawa katika maandamano, na watu wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, nchi ya Kenya, wengi wao kutoka Pemba. Waliowapokea kule hawakuwa wapiga kura wa upande wowote wa kwetu. Wamo katika chama chetu waliokula chakula cha watu wale, na hawakuulizwa wameshuka chomboni na kadi gani. Mtu aliyepokewa hivyo ugenini hawezi kumfukuza jirani yake nyumbani.

Na mwaka 2010, tarehe 31 Julai, wananchi wapatao theluthi mbili waliopiga kura ya maoni walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Maana ya kura ile, kwa mtu wa kawaida, ilikuwa ni kwamba tumechoka kuzikana kwa vyama. Serikali zinaweza kuvunjika na kuundwa tena. Lakini maana ile ya wananchi si ya kuvunjwa na sisi katika mambo ya unga na mchele.

Sasa tuje kwenye hoja za wenzetu walioleta shauri la kadi, kwani ni ndugu zetu na hoja zao zastahiki jawabu.

Wanasema: watu wetu wamenyimwa kazi kwa ajili ya chama, wamenyimwa vitambulisho, wamepitwa na misaada, iweje sasa senti yetu chache tuwape wale waliocheka? Hoja hii ina uchungu wa kweli, na hatuupuuzi. Lakini itazameni vizuri. Malalamiko yetu siku zote, katika mikutano na katika gazeti hili, ni kwamba si haki mtu kunyimwa riziki kwa sababu ya siasa yake. Hiyo ndiyo hoja yetu iliyo bora kuliko zote, na hakuna aliyeweza kuijibu. Tukilipitisha shauri la kadi tutakuwa tumeijibu wenyewe. Mpinzani wetu atasema: mnaona, tofauti yetu nao ni kuwa wao hawajapata ghala.

Wanasema tena: fedha ni kidogo, hazitoshi hata wanachama. Ni kweli. Lakini uchache wa fedha ni sababu ya kumtanguliza mwenye dhiki kubwa zaidi, na dhiki haipimwi kwa kadi. Ukiwa na maji ya kikombe kimoja na wagonjwa wawili, utamtazama aliye karibu na kufa.

Wanasema pia, na hawa ni wengine: kuwalisha maskini ni kazi ya serikali, kwa nini tuibebe sisi? Hapa pana jambo la kupambanua. Sadaka ni wema, na msaada wa serikali ni haki. Hiki hakilipi deni la kile. Twaikosoa serikali kwa mengi, lakini insafu yataka tuseme palipo kweli. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa visiwa hivi aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni ya jamii, ambayo ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikafanywa 50,000. Uzuri wa jambo lile si wingi wa fedha, kwani mwenye duka ajua shilingi 50,000 zinaishia wapi. Uzuri wake ni kuwa mzee hupewa kwa umri wake, haulizwi alimpigia nani kura wala hatakiwi ajidhalilishe kwa kuonyesha ufukara wake. Hiyo ndiyo sura ya haki. Basi sisi tuseme kwa sauti kubwa kuwa sura hiyo hiyo iwafikie wasio na kazi, na wajane wenye watoto, na walemavu. Na kuwa mafunzo ya ufundi na mikopo ya vijana itolewe kwa daftari lililo wazi. Lakini tutakuwa na ulimi gani wa kudai hivyo, ikiwa sanduku letu wenyewe, dogo kama lilivyo, lina mlango wa siri?

Na wala tusisahau wazee wetu waliotangulia. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakf, na Kamisheni ya kuzisimamia iliwekwa tangu mwaka 1905. Walioziandika wakf zile kwa ajili ya mafukara walikufa zamani. Vyama vyetu havikuwako, na thawabu zao zingali zikiandikwa. Sanduku litakaloishi kuliko uchaguzi mmoja ndilo sanduku lenye kheri.

Basi, baada ya kukataa, yatupasa tuseme tunalolitaka, kwani kubomoa bila kujenga si kazi ya watu wazima. Mapendekezo yetu ni haya matano.

La kwanza: sanduku liwe na vyumba viwili na daftari mbili. Chumba cha zaka kifuate sharti za zaka. Chumba cha sadaka kiwe cha jirani yeyote mwenye dhiki, wa dini yoyote na wa chama chochote na asiyekuwa na chama.

La pili: wasimamizi wawe watano, wawili kati yao wawe wanawake, kwani mwanamke huingia jikoni mwa mwenziwe na akajua kama chungu kiko motoni au kimefunikwa bure. Funguo ziwe mbili, katika mikono miwili. Na mwenye duka asishike ufunguo. Twalisema hili juu ya nafsi zetu, na sababu yake ni ya kisheria. Mwenye duka anayedai anaweza kushawishika kusema: fulani nilikuwa namdai, nimemsamehe, na huo uhesabiwe kuwa ni zaka yangu. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa hiyo si zaka, mpaka mtu apewe mali yake mkononi, na kisha awe na hiyari nayo. Ni rahisi kugeuza sanduku la maskini likawa sanduku la kulipia madeni ya maduka. Ufunguo ukae mbali nasi.

La tatu: msaada uwe wa namna mbili. Mwenye njaa leo apewe chakula leo, usiku, mlangoni mwake, pasipo picha wala tangazo. Lakini sehemu kubwa ya fedha iwekwe kwa ajili ya kuwainua watu, mmoja mmoja, kwa chombo cha kazi au mtaji wa kutosha. Ni afadhali kwa mwaka mzima tuwainue watu sita wakasimama, kuliko kuwagawia watu mia sita kilo moja moja ya sukari tukarudi tulipokuwa.

La nne: hesabu zisomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, zitajwe fedha zilizoingia na zilizotoka, na kazi zilizofanywa, lakini jina la aliyepewa lisitajwe kamwe. Mtoaji ana haki ya kujua fedha yake imekwenda wapi, na mpokeaji ana haki ya kutembea mtaani kichwa juu.

La tano: sisi wenye maduka tutoe kwa hesabu, si kwa kukisia. Hesabu yenyewe haina uzito. Mwaka wa Hijriya ukitimia, mtu hupima bidhaa zilizomo dukani kwa bei ya siku ile, akaongeza fedha zilizoko mkononi, na madeni anayotaraji kulipwa. Ikiwa imefikia nisabu, hutoa fungu moja katika arobaini. Tufanye duka lina bidhaa za shilingi milioni sita, fedha taslimu milioni moja na laki mbili, na madeni ya kulipika laki nane. Jumla ni milioni nane, na zaka yake ni laki mbili. Maduka ishirini ya namna hiyo ni milioni nne kwa mwaka. Hizo ni vyerehani, ni nyavu, ni randa na misumeno. Ni watu ambao mwakani hawatapita njia ya nyuma. Na aliye na shilingi mia naye aitie asione haya, kwani wahenga wamesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Ndugu wanachama, kura ni Ijumaa. Sisi tutaheshimu uamuzi wa tawi, na hatutatoka chamani kwa sababu ya kushindwa kwa kura; kukubali kushindwa ndiyo adabu tunayowadai wengine. Lakini twawaambia wazi, ili isije ikasemwa tulificha: likipita shauri la kadi, zaka yetu tutaitoa kama tunavyotoa miaka yote, maana ni deni, ila sadaka yetu tutaendelea kuipeleka kwa mkono wetu katika nyumba tunazozijua, zenye bendera hii na zenye bendera ile. Hatuwezi kuitia mahali ambapo mjane atarudishwa kwa sababu marehemu mumewe aliwapigia wengine kura.

Chama chetu kimekuwa kikisema kuwa kitatawala kwa uadilifu siku kitakapopewa dola. Watu hawana njia ya kulipima neno hilo, kwa kuwa dola hatunayo. Lakini sanduku tutakuwa nalo. Watatupima kwa sanduku, na wana haki ya kufanya hivyo.

Mwenyezi Mungu azitie baraka riziki zetu, awape kazi wasio na kazi, awaondoshee haya wanaopita njia za nyuma, na azipatanishe nyoyo za watu wa visiwa hivi. Amin.